Baba Yetu Gervas Nandonde na Gari Lake Nang'olo

Baba Paroko, wazee wetu wa Newala na wa Chiungutwa, ndugu na majirani, shikamooni. Mimi ni Leonia, binti yake wa kwanza. Familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, marehemu Gervas Optatus Nandonde. Mama amesema nisipunguze kitu, nami nimemtii.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1936 katika kijiji kilicho ukingoni mwa uwanda, upande wa Newala, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Optatus na Mama Agnes. Kule juu hapakuwa na maji. Mama yake aliteremka bondeni alfajiri na kupanda kilima na mtungi kichwani, mtoto mgongoni. Marehemu alikuwa akituambia kwamba hamu ya gari ilimwingia pale pale mgongoni, akimsikia mama yake anavyohema.

Alisoma shule ya msingi na ya kati hadi mwaka 1953, kisha akaenda Ndanda kujifunza ufundi wa magari katika karakana ya misheni. Wenzake waliosoma naye hawakuacha kumtania kwa jambo moja. Siku moja aliisikia mashine ya kusaga ya jikoni ikikohoa, akaifungua yote bila kumwambia mtu, na jioni ile wanafunzi wote walilala na uji wa maji maji. Kesho yake mashine ilisaga vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Aliadhibiwa hata hivyo.

Tarehe 9 Septemba 1961 alifunga ndoa takatifu na Mama Scholastika, akahamia kwa wakwe zake hapa Chiungutwa, kama ilivyo desturi yetu. Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi Leonia, Nicholaus na Rose.

Kuanzia mwaka 1962 aliendesha malori ya chama cha ushirika, akisomba korosho za wakulima. Mwaka 1991, biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, madereva wa zamani waliachishwa kazi kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Marehemu alilisoma, akavua kofia ya kazi, akaitundika kwenye msumari wa tangazo lile na kurudi nyumbani kwa miguu.

Lakini alikuwa na gari lake. Mwaka 1981 alinunua mabaki ya Landrova iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana. Vipuri havikuwepo nchini siku zile, kwa hiyo ilikaa juu ya magogo uani kwetu na kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Ruhusa ya watu binafsi kuagiza bidhaa ilipotoka, vipuri vilianza kuonekana madukani Masasi, na mwaka 1986 ile Landrova iliunguruma. Bibi Stamili, mkunga wetu, alipoisikia alicheka akasema, "Nang'olo ameamka!" Nang'olo kwa Kimakonde ni mzee. Jina likabaki.

Hapa Chiungutwa hakuna nyumba isiyomjua Nang'olo. Alipandisha mapipa ya maji kwa wazee kule uwandani. Alipeleka maharusi kanisani, na maiti makaburini. Zaidi ya yote, alipeleka kina mama wenye uchungu hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Nikitazama hapa naona watoto waliozaliwa ndani ya gari lile kabla halijafika hospitali. Marehemu hakuacha siku ipite bila kukagua breki. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Leonia, ungenitazama mimi hivyo, ningenenepa."

Tarehe 14 Novemba 1995, katikati ya msimu wa korosho, marehemu alikuwa akitoka Newala na kina mama wawili pamoja na Bibi Stamili. Kwenye kona ya mteremko walikutana na lori la mnunuzi mmoja wa korosho, limejaa magunia, limehama upande wake na linashuka kwa kasi. Upande mmoja kulikuwa na korongo, upande wa pili ukuta wa udongo. Marehemu aliligongesha gari ukutani. Nang'olo alipinduka. Bibi Stamili, ambaye yuko hapa leo, alitambaa akatoka dirishani, akawaona watu wa lori wamesimama chini kidogo. Alidhani wanakuja kusaidia. Walikuwa wanakagua magunia. Walipoona hakuna lililopasuka, walipanda wakaenda zao.

Hakuna aliyekufa. Marehemu alivunjika paja. Nang'olo alikunjika fremu, paa likalala juu ya usukani. Trekta ilimburuta hadi uani kwetu.

Mwezi uliofuata, marehemu akiwa bado kitandani na mguu kwenye plasta, alikuja mjumbe wa yule mnunuzi. Nilikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Mzee, tajiri anasikitika. Anakupa pikapu, nzima, inatembea. Ila dereva wetu ana kesi. Useme tu kwamba breki zilikushinda."

"Breki za Nang'olo?"

"Ni maneno tu, mzee."

"Kama ni maneno tu, basi ayaseme yeye, kwamba lori lake lilihama upande."

Mjumbe aliondoka. Mama alimsihi mumewe kwa siku nyingi. "Chukua gari, Baba Leonia. Watu watasahau. Hapa kijijini hatuna gari lingine." Marehemu alimjibu, "Wote niliowabeba walipanda kwa kuziamini breki zile. Nikisema zilikuwa mbovu, nitakuwa nimewabebea nini?"

Tarehe 20 Februari 1996, mvua ikinyesha, Dorika, mke wa mdogo wangu Nicholaus, alishikwa na uchungu na mtoto akawa amekaa vibaya. Walimpandisha kwenye baiskeli, Nicholaus akisukuma, Bibi Stamili akimshikilia kwa nyuma. Barabara ilikuwa tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mtoto, wa kiume, alizaliwa njiani akiwa amefariki. Nicholaus alirudi akiwa amemfunga kwenye shati lake. Alisimama mlangoni kwa baba na kusema mbele yetu sote:

"Baba, jina lako limebaki zuri. Mwanangu tunamzika kesho."

Kuanzia siku ile baba na mwana hawakuzungumza.

Mwezi Mei kesi iliisha. Dereva wa lori aliachiwa. Ilielezwa kwamba Landrova ilikuwa chakavu na breki zake hazikufanya kazi. Marehemu hakusema maneno yale, lakini yalisemwa bila yeye na yakakubaliwa. Hivyo pikapu hakuipata, na jina alilolilinda lilichafuliwa vilevile.

Mwezi Juni aliomba mkongojo wake na sanduku la spana. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshapita mara kadhaa, akawafukuza. Sasa alisema atalifungua gari mwenyewe. Kabla ya kuanza aliliinua paa kwa jeki, akapanguza kiti cha abiria kwa mkono, akamwita mama.

Mama alikaa. Marehemu alikaa kwenye usukani uliopinda. Mama akauliza, "Tunakwenda wapi?"

"Popote uliponiambia nikupeleke nikakujibu, 'Kesho.'"

Mama alifikiri. "Ndanda. Kwa dada yangu Ethel."

Bibi Ethel alikuwa ameshafariki, na mama hakuwahi kupelekwa kumwona katika ugonjwa wake, kwa sababu kila alipovaa kanga zake za safari alitokea mgonjwa wa mtu mwingine. Walikaa pale hadi wali ukaungua jikoni. Mama aliposhuka alikuwa analia, na hakumwambia baba kwamba amemsamehe. Ameniruhusu niyaseme haya.

Marehemu alifungua bolti moja baada ya nyingine akiwa amekaa chini, mguu umenyooshwa. Bolti za fremu zilimshinda nguvu. Ndipo Nicholaus alipotoka nyumbani kwake, akachukua spana mkononi mwa baba na kuzifungua. Alikuja kila siku hadi kazi ikaisha. Hawakusemezana. Kwa vyuma vile na springi za kiti marehemu aliunda kitoroli cha kulaza mgonjwa, kinachofungwa nyuma ya baiskeli. Kimeshapeleka kina mama wengi Mkomaindo. Baadhi walifika salama. Baadhi walichelewa.

Mguu wake haukupona sawasawa. Kuanzia Septemba 1998 mfupa ulianza kutoa usaha, homa zikamwandama, na Februari mwaka huu tulimlaza hospitali ya Ndanda, ambako madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo. Tunawashukuru. Siku moja kabla ya kufariki aliniambia, "Leonia, msimlaumu Nicholaus. Alisema kweli." Kisha akaongeza, "Na mimi nilisema kweli." Alifariki Jumatatu, tarehe 22 Machi 1999, saa kumi na moja alfajiri.

Marehemu ameacha mjane, Mama Scholastika, watoto Leonia, Nicholaus na Rose, wajukuu sita, na dada yake, Bibi Rose wa Newala, ambaye mdogo wetu Rose alipewa jina lake. Ametanguliwa na mjukuu wake mmoja, na atalazwa kando yake. Nicholaus ndiye aliyechagua mahali hapo.

Neno la mwisho halimo katika karatasi mlizonazo. Asubuhi hii yule mnunuzi ametuletea lori la kubebea waombolezaji, na shada la maua limewekwa juu ya boneti. Lori limeegeshwa pale barabarani, mmeliona. Tumeketi kama familia, na mama ndiye aliyekata shauri. Dereva apewe chakula, ale ashibe, kisha arudi na lori lake. Makaburi yako mbali na jua ni kali, lakini baba tutambeba mabegani. Wasioweza kutembea wabaki na mama.

Ee Mungu, mpokee mtumishi wako Gervas, umpumzishe.