Risala ya Wapenda Taa Kongwe kwa Mkurugenzi Aliyekuja na Lori

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Manispaa, pamoja na dereva wako na vijana wa kubeba,

KUKUKARIBISHA
Sisi wanakikundi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua ulifuata taa, hukutegemea risala. Kaa tu, soda inakuja. Mwenyekiti anaomba radhi kwa kutosimama kukupokea: amejifunga mnyororo kwenye taa ile pale. Ndiyo maana anasoma katibu, ambaye pia ni mkewe.

HISTORIA
Taa hizi kongwe za barabarani Manispaa yenyewe ilizing'oa, ikaziuza kama chuma chakavu. Ya kwanza tuliinunua imebonyea, kuku ametaga ndani. Wakati huo mwenyekiti alikuwa amestaafu kazi ya kuchomelea na hatoki kitandani. Tulimbembeleza mpaka tukachoka. Taa ilipoingia uani, aliinuka mwenyewe akauliza msasa uko wapi. Tulilia, hatufichi.

MAFANIKIO
Tumefufua taa tisa. Saba zinawaka. Moja inawaka ikijisikia. Ya tisa tuliipiga msasa, tukaipaka rangi mara tatu, kumbe ni bomba la moshi la mashine ya kusaga. Hata hivyo limependeza.

CHANGAMOTO
Vioo vyake havipatikani, tunatumia bakuli za kioo za nyumbani, na majumbani huko maneno hayaishi. Lakini changamoto kubwa, kwa heshima zote, ni wewe mgeni rasmi. Tumesikia taa zimerudi kuwa mali ya Manispaa kwa sababu geti jipya la ofisi yako halina pambo. Zilipokuwa na kutu mbona hatukukuoneni, jamani?

MAOMBI
Chukueni nane. Bomba la moshi tutawasaidia kupakia. Tunaomba mtuachie ile ya kwanza tu, aliyojifunga nayo.

Ikishindikana, basi mchukueni na yeye. Ufunguo wa kufuli hasemi ameuweka wapi, na ninavyomjua mimi, hatasema. Begi lake hili hapa. Dawa ya presha anameza asubuhi na jioni, akishakula. Huko getini mwambieni kuna kitu kimelegea, hata kama hakuna, apate cha kushika. Msimwache akalala mchana. Akirudia kulala mchana, mgeni rasmi, mimi peke yangu simuwezi tena.

Mungu akuzidishie afya na akulainishie moyo kabla ya soda kuisha.

Ni sisi,
Kikundi cha Wapenda Taa Kongwe,
tuliosimama mbele ya lori lako.