Kwa Ajili ya Zima Taa na Dirisha la Masijala

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzetu:

KARIBU KWETU

Tumefurahi kukuona, na tungekuwa waongo tukisema hatuna hofu. Umekuja kututunuku ngao kwa sababu jengo letu limeyashinda majengo yote ya serikali kwa kupunguza matumizi ya umeme. Tumesikia pia kwamba ukisimama kuzungumza utatangaza kuwa mradi huu sasa unahamia kwenye kliniki ya wazazi, hapo mtaa wa nyuma. Ngao tutaipokea kwa mikono miwili. Ila aliyeifanyia kazi hayupo hapa, na tumeona heri tuseme sasa, kabla hujasimama.

TULIKOTOKA

Zamani jengo hili lilikuwa likifyonza umeme bila huruma. Taa za ngazi ziliwaka jua likiwa utosini. Viyoyozi vilinguruma katika vyumba vitupu, madirisha yakiwa wazi. Birika la ofisi ya uhasibu lilichemka lenyewe hadi likakauka. Bili ikifika, Mkurugenzi alishika kichwa.

Kisha akahamia kwetu afisa wa majengo, mwanamke mwembamba mwenye viatu visivyotoa sauti. Hujasikia mlango, taa imeshazimwa. Wiki haikuisha tukambandika jina: Zima Taa. Siku moja alizima taa ya msalani mhasibu mkuu akiwa ndani.

"Nani huyo?" mhasibu akapiga kelele gizani.

"Samahani, kaka. Nilidhani umeiacha yatima."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwenyewe alicheka pia, kisha akatueleza kwa nini hana utani na swichi. Mwanawe wa kwanza alimzaa kwa mwanga wa tochi, kwa sababu umeme wa mji haukutosha na wodi ilikuwa kwenye zamu ya kukatiwa. Mkunga alikuwa ameing'ata tochi ile mdomoni. "Tangu siku ile," alisema, "nikiona taa inawaka bure, naona kuna mtu mahali fulani ananyimwa." Baada ya hapo hata mhasibu alianza kuzima mwenyewe.

TULIYOFANIKISHA

Kwa kusukumwa naye, balbu zote zilibadilishwa. Paa likapakwa rangi nyeupe na kufungwa paneli za jua za kuwashia taa tu. Darini vikawekwa vidude vinavyozima taa chumba kikitulia, ingawa vidude hivyo havijui kwamba karani anaweza kusoma faili bila kutikisika. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukipita ukatuona tunapunga mikono hewani, hatujarukwa na akili, tunaomba mwanga.

Mwisho yakaja madirisha ya vioo viwili viwili, yanayozuia joto la nje. Hayo aliyapigania kwa miaka. Alikwenda wizarani akarudi, akaenda tena, hadi walinzi wa huko wakawa wanamsalimia kama mwenzao. Yalipofungwa, matumizi yetu yalishuka hadi nusu.

YALIYOTUPATA

Katika michoro yake, kila dirisha lilikuwa na kidirisha kidogo cha juu cha kufungua. Vioo vilipofika, havikuwa na bawaba wala komeo. Alipouliza kwenye ofisi ya manunuzi alijibiwa, "Mkipewa cha kufungua mtafungua, baridi itatoka, na mradi utaonekana umeshindwa." Aliandika barua. Akafuatilia. Akaambiwa asubiri. Tangu hapo hakutulia, maana kiyoyozi kikizimika hewa haikuwa na pa kuingilia. Umeme ukicheza kidogo tu, alikuwa wa kwanza kukimbilia kwenye jenereta, na chakula chake cha mchana mara nyingi kilipoa mezani.

Jumatatu moja alipanda masijala, ghorofa ya tatu, kukagua taa. Masijala ina mlango wa chuma unaofunguka kwa kadi. Humo alikuwemo karani mkuu, ambaye sote tunamwita Shangazi, na Shangazi ana pumu. Umeme ukakatika. Jenereta ikagoma. Mlango ukajifunga nao ndani.

Sisi tulikuwa upande wa pili tukiusukuma kwa mabega, na yote yaliyosemwa ndani tuliyasikia.

"Dawa yako ya kuvuta iko wapi, Shangazi?"

"Mkobani. Mkoba uko chini... mapokezi."

"Basi kaa hapa. Usiseme. Wanafungua sasa hivi."

Hatukuwa tunafungua. Tulikuwa tunahangaika tu. Joto lilipanda, vumbi la mafaili likawa limetanda, na pumzi ya Shangazi ikaanza kupiga mluzi. Kisha hata mluzi wenyewe ukafifia.

Zima Taa alitueleza baadaye kwamba hapo alikitazama kioo, akasita. Kilikuwa kioo chake, alichokililia miaka yote ile. Kisha akaiona midomo ya Shangazi imebadilika rangi. Akaung'oa ukutani mtungi wa kuzimia moto, akapiga. Kioo hakikushtuka. Akapiga tena, huku akilia kwa sauti, akapiga pembeni, hadi cha ndani kikapasuka, kisha cha nje. Waliokuwa uani waliona vipande vikimwagika kama mvua, na mkono wenye damu umeshikilia kichwa cha mama mtu mzima kwenye tundu.

"Vuta, mama yangu. Vuta tena. Taratibu. Vuta."

Shangazi alivuta. Yu hai. Ndiye huyu anayekusomea maneno haya, Mheshimiwa, na akinyamaza katikati ya sentensi, ujue anatafuta pumzi, hatafuti maneno.

Zima Taa alishonwa mkono, na kabla nyuzi hazijatolewa akapokea barua ya kusimamishwa kazi kwa kuharibu mali ya umma makusudi. Kamati ya nidhamu inakaa kesho. Kuhusu bango lile kubwa lenye picha yako, pale ghorofa ya tatu, tunaomba utusamehe. Limewekwa kuziba tundu, ili usilione.

TUNACHOOMBA

Risala kama hii hupitishwa kwanza ofisini. Ile iliyopitishwa iko mezani, ni fupi, na haina sehemu uliyoisikia sasa hivi. Mkurugenzi wetu anaisikia hii kwa mara ya kwanza pamoja nawe, na uso wake tunauona. Tunamwomba radhi. Hatuna ugomvi naye. Tuna woga tu, na woga umetuzidi nguvu ya kunyamaza.

Hatuombi mradi ufutwe. Tunautaka, na kliniki inauhitaji kuliko sisi, maana kule kukipatikana umeme wa jua hakuna mkunga atakayeng'ata tochi. Tunachoomba ni kwamba usiutangaze mpaka madirisha ya kule yawekewe vidirisha vya juu vya kufungua, na kila mlango uweze kufunguliwa kwa mkono. Kule watalala watoto wa siku moja, ambao hawawezi kugonga ukuta wala kuita mtu.

La pili, tunaomba neno lako lifike kwenye kamati kabla ya kesho. Kioo kile kilivunjwa na mtu aliyekipenda kuliko sisi sote. Kama ni lazima kilipwe, tukatwe sote, ghorofa kwa ghorofa, na yeye arudi kazini.

Juzi tulikwenda kumwona nyumbani. Mwanawe alitufungulia, mama yake akiwa amekaa na mkono wake wenye bandeji magotini. Tulikuwa tumejiandaa kumfariji kuhusu kesi. Kesi hakuigusa kabisa.

"Madirisha ya kliniki," alituuliza, "kuna mtu mmeshamwambia?"

"Tutamwambia Waziri."

"Lini?"

Tulitazamana, mmoja wetu akasifu chai, na tukaaga mapema kuliko tulivyopanga.

Jibu lake tumelitoa leo, mbele yako, na sasa hatuwezi kulirudisha.

Mungu akupe moyo mpole kwa neno utakalolisema sisi tukishaketi, na akufikishe salama kwa wanao.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Jengo la Ofisi za Serikali,
wa ghorofa ya kwanza hadi ya nne, pamoja na walinzi wa lango.