Bi Mwatum wa "Nani Kavuta?" Anapumzika

Tarehe 30 Juni, Bi Mwatum Jecha anastaafu baada ya kuitumikia redio yetu hapa Madungu kwa miaka ishirini na sita. Aliajiriwa kutunza kanda na santuri, kazi inayotaka mtu mkimya, na ukimya Bi Mwatum hajaujua mpaka leo. Haikuchukua muda akahamia kwenye maikrofoni.

Stoo alikuta santuri za konseto za hapsikodi, muziki wa Ulaya wa enzi ya Baroki, yapata miaka mia tatu iliyopita. Hapsikodi ni kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa, hazigongwi kama za piano. Siku aliyoirusha hewani mara ya kwanza, Mzee Jaribu wa Gando alipiga simu kuuliza huyo mpiga ganuni, kinanda cha nyuzi cha taarab, ana haraka ya kwenda wapi. Bi Mwatum alicheka sana, na hapo hapo akapata wazo la kipindi.

Sisi Wapemba tukitoka maulidini lazima tuwalinganishe wasomaji: huyu kavuta, yaani kairefusha sauti kwa madaha, yule kakata, yaani kaifupisha. Basi akaanzisha "Nani Kavuta?" Kila Jumamosi asubuhi alirusha konseto moja ilivyopigwa na wapigaji wawili tofauti, kisha akawauliza wasikilizaji nani kauvuta muziki na nani kaukata. Wenzake tulianza kwa kumtania, tukaishia kubishana kwenye chai. Kati ya wapigaji wake yumo Mjerumani mmoja anayekata; huyo mimi bado simpendi.

Mwaka huu ikasemwa kwamba akiondoka yeye, kipindi nacho kiondoke, maana simu haziji tena. Jambo hilo lilimuumiza. Alikataa zawadi ya kuagwa, akaomba kitu kimoja tu: kipindi kibaki.

Jumamosi iliyopita, kwa mawazo hayo, alipiga santuri ile ile mara mbili bila kujua. Akaeleza kwa madaha jinsi mpigaji wa pili alivyovuta zaidi, na sisi studioni tukaitikia kwa vichwa. Simu ikalia. Alikuwa Bi Tatu, mkulima wa karibu na Wete.

"Bi Mwatum, leo watuchezea. Hiyo ya pili ndo iyo iyo ya mwanzo."

Baada yake simu hazikukatika mpaka adhana ya adhuhuri, kila mmoja akidai haki yake ya kumsikia mpigaji wa pili. Kumbe watu wapo, wanasikiliza. Meneja wetu, Ndugu Nassor, alizipokea mwenyewe mpaka sauti ikamkauka. Bi Mwatum alicheka huku anafuta machozi, na siku ile ile Meneja akatamka kwamba kipindi kinabaki. Mtangazaji mwenzetu Khairat ndiye atakayekiendesha.

Ahsante, Bi Mwatum, kwa kutufundisha kusikiliza. Mola akujaalie afya, umri mrefu na mapumziko ya raha. Tunajua Jumamosi ijayo utakuwa nyumbani Wawi, redio iko wazi na simu iko mkononi. Khairat anaomba umhurumie.