Rangi ya Gari la Kapteni Dahshan

Pale Mahalla, barabara ya kiwanda cha nguo inapokutana na uchochoro wa vinyozi, kuna benchi refu mbele ya mkahawa wa Batta. Benchi halina mwenyewe, lakini jaribu kulikalia saa kumi alasiri uone utakavyotazamwa. Kulia ni pa Haji Shaaban, aliyetia nguo rangi kiwandani miaka thelathini na moja mpaka kucha zikageuka buluu na hazikurudi tena, ndiyo maana anaitwa Nili. Katikati hukaa Hosni kinyozi, jina la kazi Redio, kwa kuwa hana pa kuzimia. Kushoto ni pa Makram, karani mstaafu wa stesheni ya reli. Huyu aliwahi kupeleka barua moja ofisini kwa waziri, akapokelewa na tarishi, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe ni Waziri. Jumanne ile walikuwapo wote watatu, na mbele yao, juu ya stuli, alikuwa Wagdi, fundi wa kunyoosha bodi za magari, kahawa yake imepoa na uso umemshuka.

Alikuwa na haki ya kununa. Alhamisi binti yake Naglaa anaolewa. Miaka kumi nyuma, Naglaa akiwa na miaka tisa, baba mtu alimwahidi kwamba siku ya harusi atatoka nyumbani ndani ya gari la Kapteni Dahshan. Dahshan yule wa televisheni, aliyewafukuza wauza magendo jangwani Ramadhani nzima, sehemu thelathini, miaka ile ya vita, mtaa mzima umebanana humu humu kwa marehemu baba yake Batta. Wagdi akaitoa sebule yake, akaweka mlango wa bati wa dukani badala ya ukuta wa mbele, akaanza kugonga. Miaka kumi wageni wamekaribishwa ngazini. Sasa gari lilikuwa tayari, urefu wake uleule, pua ndefu, mapezi mawili nyuma yanakaribia mlango wa jikoni, limepakwa rangi ya msingi tu. Lilibaki jambo moja. Kipindi kile kilikuwa cha nyeusi na nyeupe, televisheni ya nyeusi na nyeupe, hata picha pekee aliyoikata gazetini ya nyeusi na nyeupe. Na mpiga rangi alikwisha sema: nitajie rangi kabla ya magharibi leo, ama sivyo Alhamisi bibi harusi atatoka na rangi mbichi matakoni.

– Jekundu, alisema Redio. Jekundu kama nyanya. Mwanamume kama Dahshan apande gari la rangi gani tena?

– Uliliona wewe? aliuliza Nili.

– Binamu wa shemeji yangu alimnyoa ndevu yule mwigizaji. Kwa mikono yake miwili!

– Alimnyoa ndevu au alilinyoa gari?

– Haji, usinivunjie heshima mbele ya wateja.

– Wateja gani? Waziri ana upara, na Wagdi hana muda. Nisikilize, Fundi. Jekundu kwenye televisheni ile lilikuwa linatoka jeusi tititi. Gari la Dahshan lilikuwa na kijivu cha kifua cha njiwa. Mimi kijivu nakijua. Kila rangi ina kijivu chake.

Alitia mkono ndani ya kanzu akatoa vitambaa tisa vilivyofungwa kwa uzi, kila kimoja na rangi yake. Kisha akatoa picha kubwa nyeusi ya eksirei, akaikunjua juani.

– Hiyo nini tena? aliuliza Redio.

– Goti la mke wangu. Tazama vitambaa kupitia hapa. Ukipita humu rangi zote zinakufa, kinabaki kijivu chake.

– Mimi naona mfupa.

– Pita pembeni ya mfupa, we kinyozi!

Wagdi naye aliinama akatazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo wake ulichangamka kidogo. Kweli, kupitia goti lile nyekundu ilizama na manjano ikapauka. Lakini kijani, buluu ya mbingu na udongo zilitoka ndugu wa tumbo moja, huwezi kuzitenganisha.

– Sasa ni ipi katika hizi tatu, Haji?

– Mojawapo.

– Mojawapo siwezi kuipaka!

– Nimekutoa kwenye rangi tisa nimekufikisha kwenye tatu, bado unanifokea. Hiyo ni kazi ya kisayansi, bwana.

Waziri alikohoa. Alipokohoa hivyo watu walijua kuna siri ya serikali inakuja.

– Mnajisumbua bure, alisema. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

– Uchi umeingiaje hapa?

– Rangi ilifichwa! Kusudi! Mnakumbuka wakati wa vita tulivyopaka taa za magari buluu ili ndege za adui zisituone? Basi lile gari lilipakwa lote. Lilikuwa gari la jeshi, mabwana. Mchana linaigiza, jioni linakwenda mpakani.

– Acha fiksi, Waziri. Na mapezi yale?

– Yale si mapezi. Antena zile.

– Antena! Wagdi aliruka kwenye stuli. Mapezi yale nimeyagonga miezi kumi na minne! Nimepima kwa mkanda wa suruali wa Dahshan pale anaposimama kando yake gazetini. Jeshi lichukueni, buluu ichukueni, mniachie mapezi yangu!

– Sikukasirishi, Fundi, nakupa habari tu.

– Subiri, subiri, alidakia Redio, macho yamemtoka. Mimi nimeshalijua. Yalikuwa magari mawili! Mnakumbuka sehemu ya tisa, kule kisimani? Lilikuwa jeupejeupe. Sehemu ya kumi na tano likawa limekoza. Moja jekundu, moja buluu. Na ndiyo maana la pili halikuonekana tena mwishoni. Mshika mbili moja humponyoka!

– Lilimponyoka likaenda wapi?

– Nimesema liliponyoka, Haji. Kinachoponyoka hakiagi.

Nili alitafakari. Ungedhani mtu wa sayansi atamrudisha mwenzake kwenye mstari, lakini mzee naye ni binadamu, na ushindani wa kijiweni ni kitu kibaya.

– Gari lilikuwa moja, alisema. Ila lilikuwa linageuka. Kiwandani tuliwahi kupata dawa moja kutoka ng'ambo, ukiipasha moto inabadilika. Asubuhi kijani, jua likikaza inakuwa kama shaba. Na Dahshan alikuwa jangwani, si ndiyo? Jua la jangwani!

– Kinyonga! alishangilia Redio. Dahshan alipanda kinyonga!

– Na likiingia kivulini? aliuliza Waziri.

– Upande mmoja kijani, upande mmoja shaba.

Batta alitoka na birika lake la shaba, taulo begani.

– Kahawa imebaki vikombe vitatu. Niwamiminie, au kinyonga naye ameagiza?

Wakacheka wote isipokuwa Wagdi. Yeye alitazama jua lilivyokuwa linateremkia bomba la moshi la kiwanda. Hasira ilimjaa, nayo haikuwa ya hawa wazee, aliwapenda. Alijikasirikia mwenyewe. Kila skrubu ya gari lile aliihesabu mara tatu. Mkewe Samira alipotaka taa nzuri zaidi alimkatalia, Dahshan hakuwa nazo. Alhamisi watakuja wakwe kutoka Tanta, watu wazima wanaokumbuka, na mmoja wao akinyoosha kidole tu aseme "halikuwa hivi", basi Naglaa atakuwa ametolewa nyumbani kwa baba yake ndani ya gari la uongo. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kuwaambia watu wa benchi.

Hapo ndipo alipotokea Ihab, bwana harusi mwenyewe, fundi wa mitambo wa kiwandani, kavaa koti jipya, mkononi boksi la halua ya kwao Tanta. Hakuwa mtu wa benchi lile. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa mkono, akaanza na Nili kwa kuwa ndiye mkubwa, akabaki amesimama.

– Kaa, kijana, alisema Waziri. Tukate shauri. Gari la Dahshan lilikuwa rangi gani?

– Mimi sikukiona kipindi hicho, mzee. Nilikuwa sijazaliwa.

Benchi zima lilimtazama kwa huruma, kama mtu aliyesema hajawahi kula mkate.

– Nimetoka nyumbani kwenu sasa hivi, ami, alimwambia Wagdi. Mama Naglaa kanionyesha gari. Wallahi sijaona kazi kama ile. Nimelizunguka mara mbili. Nilitaka kuuliza kitu kidogo tu, usinicheke.

– Uliza.

– Mlango wake uko wapi?

Kikombe cha Redio kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

– Dahshan haingii kwa mlango, alisema Wagdi polepole. Anaruka. Anaweka mkono ubavuni, hop, yuko ndani.

– Kweli kabisa, alisema Nili. Sehemu zote thelathini.

– Hakufungua mlango hata siku moja, aliongeza Waziri.

Na kwa kuwa hakufungua, Wagdi alikuwa ameuunga ubavu wote kipande kimoja, akachora mstari tu mahali mlango ungekuwapo. Aliyaeleza hayo kwa fahari, na katikati ya maelezo sauti ikaanza kumpungua.

– Nimekuelewa, ami, alisema Ihab. Lakini Naglaa ana lile gauni.

Lile gauni. Wagdi alilibeba mwenyewe kutoka kwa mshonaji, limefungwa katika mashuka mawili, na kulipitisha ngazini iliwabidi yeye na Samira watembee kinyumenyume.

– Ngazi! alisema Redio. Ya kupakia nyumba rangi. Tunaifunga maua.

– Stesheni kuna winchi ya kupakulia marobota ya pamba, alisema Waziri. Namjua anayeiendesha.

– Au aingie yeye kwanza, alisema Nili, halafu Fundi amalizie kuchomelea.

Wagdi alikuwa anamwona Naglaa ananing'inia kwenye winchi, wanawake wanapiga vigelegele, wakwe wanatazama juu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka kumi alikuwa akimjengea Dahshan gari, na Dahshan hakuwa anaolewa.

– Nitaukata, alisema.

– Utakata gari la Dahshan? Redio alishika kichwa.

– Dahshan aruke anavyotaka. Binti yangu atapita mlangoni.

Alisema hivyo akahisi mwepesi, kama aliyevua kiatu kinachobana. Akageuka kumwuliza Ihab jambo jingine, na mdomo ulipofunguka ndipo alipotambua kwamba yeye baba mtu halijui. Alipokuwa na miaka tisa mtoto alipenda waridi. Baada ya hapo hakumuuliza tena, alikuwa na kazi sebuleni.

– Ihab. Naglaa anapenda rangi gani?

Kijana hakufikiri hata kidogo.

– Ya biringanya, ami.

– Ya nini? benchi liliuliza kwa sauti moja.

– Biringanya. Ile iliyokomaa, inayong'aa kabla hujaimenya. Mapazia ya nyumbani kanirudisha nayo dukani mara mbili, anasema yale ya kwanza ni rangi ya zabibu, si ya biringanya.

Wagdi alimtazama. Ilimchoma kidogo kwamba mtu mwingine analijua jambo hili na yeye halijui, kisha ileile iliyomchoma ikamtuliza. Mtu anayebeba mapazia kurudi dukani mara mbili atamtunza.

– Dahshan ndani ya biringanya! alilalamika Redio. Tutaweka wapi nyuso zetu?

Nili alikuwa amekwisha kuchambua vitambaa vyake. Akapata cha zambarau iliyoiva, akakinyoosha juani, akaweka goti la mkewe mbele ya jicho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

– Jamani, alisema. Kifua cha njiwa.

– Mwongo! Lete nione!

– Si niliwaambia ilikuwa siri! alisema Waziri, naye akalikamata goti upande wake.

Wagdi hakungoja zamu yake ya kutazama. Alikunywa kahawa yake baridi kwa mkupuo mmoja, akasimama, akamshika Ihab bega.

– Vua hilo koti, mwanangu, alisema, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kumwita hivyo. Tumpitie mpiga rangi, kisha uje unishikie bati. Tunakata mlango mpana.