Fundi Musafiri na Saa Iliyoingia Maji

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Ninyi wa Kasuku, ninyi wa ng'ambo ya mto, na ninyi mlio mbali kando ya reli. Leo tunamkumbuka mwananchi mwenzetu, citoyen Musafiri, fundi wa saa. Alifariki Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nane. Kwa wanaofungua redio sasa hivi, narudia: ni Musafiri, fundi wa saa, yule wa kibanda cha mbao karibu na soko la Kasuku.

Musafiri alikuwa mtu wa Butembo. Alifika Kindu kijana, juu ya lori la mjomba wake, akabaki. Kazi alifundishwa na Mgiriki mmoja mwenye duka. Mgiriki alipoondoka mwaka wa 1974, alimwachia koleo mbili ndogo na lenzi moja ya kuweka jichoni. Kwa vitu hivyo Musafiri alilea watoto watano.

Alikuwa na rafiki mmoja, Bulaimu, mzaliwa wa hapa Kindu, mpiga mbizi wa bandari. Chombo kikizama, Bulaimu ndiye aliyeshuka kukifunga kamba. Mjane wa marehemu, mama Onema, alituambia jana: "Hao wawili walikuwa wanacheka mpaka majirani wanauliza kuko nini. Bulaimu alikuwa na sauti kubwa. Ukimusikia kwa barabara, unajua chakula cha leo hakitatosha."

Bulaimu alikuwa na saa ya krono. Hiyo ni saa ya mkononi yenye vifungo viwili pembeni. Unafinya kimoja, mshale unaanza kuhesabu. Unafinya tena, unasimama. Kwa mpiga mbizi saa hiyo ni uhai. Chupa yake ya hewa ilikuwa ya dakika ishirini na tano. Ikifika dakika ya ishirini alipaswa kupanda.

Wasikilizaji wapendwa, maji hayaingii katika saa kwa sababu ya mipira. Ni mipira myembamba kama uzi, chini ya kifuniko, na mingine kwenye vifungo. Mpira unazeeka. Unakauka, unapasuka. Mwaka wa 1977 Bulaimu alileta saa yake isafishwe kabla ya kazi ya jahazi la chuma lililozama bandarini. Musafiri akaona mpira wa kifuniko umechoka. Akatafuta mwingine Kindu nzima. Hakuna. Vipuri vilikuwa adimu siku hizo, mnakumbuka wenyewe. Basi akaupaka mafuta ule wa zamani, akaurudisha.

Akamwambia rafiki yake: "Kaza kichwa cha saa, hiki cha kuzungusha, mpaka mwisho. Na usifinye kifungo ndani ya maji, hata kidogo. Ukifinya, unafungulia maji mulango."

"Na mupira?" Bulaimu akauliza.

"Itavumilia."

Neno hilo moja, itavumilia, Musafiri alilibeba miaka tisa.

Bulaimu alishuka asubuhi ya Jumanne. Chini kulikuwa na matope, giza tupu. Aliiweka saa, yenye mishale inayong'aa gizani, karibu na kioo cha uso, akasoma dakika kumi na moja. Akaendelea kufunga kamba. Akasoma tena. Kumi na moja. Alipoelewa kwamba saa imekufa, hewa ilikuwa imekwisha. Wenzake waliona kamba imelegea, wakamvuta haraka kwa nguvu zao zote. Alitoka akiwa hai, damu ikimtoka masikioni kwa kupandishwa ghafla. Hakusikia tena. Mpaka leo hasikii.

Musafiri alikwenda hospitali kila siku. Bulaimu aligeukia ukuta. Miezi miwili baadaye akapanda treni na mke na mtoto, wakashuka Kibombo, wakaenda kulima kijijini Tunda. Hakuaga.

Tangu hapo Musafiri hakumwambia mteja yeyote kwamba saa yake haipitishi maji. Hata ukimsihi. Alikuwa akiipasha saa joto mkononi, kisha anadondosha tone la maji baridi juu ya kioo. Ukungu ukionekana ndani, hakukurudishia saa. Mpira alibadili kila mwaka, na kama hauko alikuambia wazi: "Haiko. Usiende nayo mutoni." Aliwakataza watu kuiacha saa juani kisha kuichovya katika maji baridi. Aliwakataza kuoga nayo, kwa kuwa sabuni inakula mpira. Wengine walimcheka. Yeye hakucheka.

Na kila Alhamisi alikwenda steshini. Aliwauliza wanaotoka Kibombo kama wamemuona Bulaimu. Alituma barua. Mama Onema anasema zilikuwa zaidi ya thelathini. Jibu halikuja hata moja. "Mutu akicheka kwa nguvu huko inje," anasema, "baba anainua kichwa, lenzi iko bado kwa jicho. Kisha anainamisha."

Jumatano, siku ya mazishi, Bulaimu alikuja. Habari ilimfikia kwa watu wa treni. Alikuja na binti yake Feza, ambaye humwandikia maneno kwa chaki kwenye ubao mdogo. Akasimama mbele ya mama Onema, akasema kwa ile sauti yake kubwa, bila kujua ni kubwa kiasi gani:

"Mimi njo nilifinya kifungo, mimi mwenyewe. Nilisahau kuanzisha saa huku juu. Nikafika chini, nikakumbuka, nikafinya ndani ya maji. Alinikataza. Barua zake zote nilisoma, anaomba musamaha. Haya ilinishika. Kila mwaka nilisema nitaenda mwaka unaokuja."

Je, ni mpira, au ni kifungo? Hakuna fundi atakayetuambia sasa. Mama Onema akalia kwa hasira. "Miaka tisa! Miaka tisa alikuwa anakungojea!" Bulaimu akamwuliza Feza, mama amesema nini? Feza akatazama chini, hakuandika. Basi mama Onema, aliyesoma kwa masista, akachukua chaki mwenyewe. Akaandika maneno yale yale, yote. Bulaimu akasoma, akaitika kwa kichwa. Mama akafuta ubao kwa kanga yake. Kisha akamvutia kiti, karibu na watoto wa marehemu.

Kwako mama Onema, kwa watoto watano, na kwa ndugu wa Butembo: poleni sana. Mungu amweke Musafiri mahali pema. Nasi tunaobaki, kila mmoja ajiulize kuna nani anayemngojea, na neno gani hajampelekea. Treni ya Kibombo inaondoka Alhamisi. Barua inafika.

Nimeambiwa mzee Bulaimu bado yuko pale nyumbani kwa mama Onema, redio imewashwa, na Feza anamwandikia tunayosema. Feza mwanangu, mimi nasubiri, andika polepole. Mwandikie kwamba Kindu inampa pole na yeye.