Mkono wa Taa Umelegea

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MZAMIAJI: Ni mimi, kaka! Shikamoo. Simu ni ya huyu mwendesha boti, salio lake lenyewe la kuokoteza—

FUNDI: Marahaba, mdogo wangu. Mbona unahema? Umeshatoka majini? Picha je—

MZAMIAJI: Picha gani! Nimepiga arobaini, zote giza tupu. Ule mkono wa taa umelegea tena. Nikifika chini, taa inainama kama mtu anasinzia msibani. Fremu ya lango la bwawa siioni, naona miguu yangu tu.

FUNDI: Si nilikwambia uniachie hiyo kamera wiki nzima?

MZAMIAJI: Wiki! Saa sita watu wa kampuni wanamwaga zege langoni, kaka. Wakishamwaga, mshono aliouchomelea Baba umezikwa, inabaki ripoti yao: mchomeleaji alilipua kazi, lango likang'oka, mlinzi akavunjika miguu. Na mimi nimebakiwa na mtungi mmoja wa hewa. Nazama mara moja tu, basi.

FUNDI: Haya, haya. Tulia. (mikwaruzo) ...una tyubu?

MZAMIAJI: Nini? Unakatika!

FUNDI: Tyubu! Mpira wa baiskeli. Nilikutilia kipande kwenye mfuko wa kamera.

MZAMIAJI: Ninacho.

FUNDI: Kata ukanda wa upana wa kidole. Fungua kibano cha taa, uuvike pale kwenye gololi, halafu ufunge. Mpira ukibanwa, taa haitelezi.

MZAMIAJI: Subiri... Simu nimeibana na bega... (mlio wa mkasi) Tayari. Gololi imeshika. Lakini mkono wenyewe bado unacheza. Kule chini, unapoingia kwenye kasha la kamera.

FUNDI: Hapo ni skrubu ya kitako. Itoe, zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, imo humo humo mfukoni, mizunguko mitatu, uirudishe. Halafu weka simu karibu nisikie.

MZAMIAJI: Usikie skrubu?

FUNDI: Redio zote za mtaa huu nazitibu kwa sikio, wewe unanicheka. Kaza.

MZAMIAJI: Mganga mkubwa. Haya. (mlio wa bisibisi) Baba yuko hapo?

FUNDI: Amekaa mlangoni pa kibanda tangu asubuhi. Chai imepoa mbele yake. Nimeweka simu sauti ya juu, anatusikia.

MZAMIAJI: Shikamoo Baba! ... Haitiki?

FUNDI: Ameinua mkono. Kaza, kaza... Inacheza?

MZAMIAJI: Kidogo sana.

FUNDI: Robo tena.

MZAMIAJI: Nahisi imetosha—

FUNDI: Bado inapumua, naisikia. Robo tu. (mlio mkavu) ...

MZAMIAJI: Imeshika! Kaka, haitikisiki! Nimeinyanyua kamera nzima kwa taa, wala haijasogea! Mungu akubariki, narudi chini—

FUNDI: Ngoja.

MZAMIAJI: Ningoje nini? Mashine yao ya zege imeanza kuunguruma.

FUNDI: Umesikia ule mlio? Ta!

MZAMIAJI: Si skrubu imekaa?

FUNDI: Skrubu ikikaa hulia pole pole. Hebu pitisha ukucha kwenye kasha, uzungushe pale kwenye kitako.

MZAMIAJI: Kaka.

FUNDI: Umekwama?

MZAMIAJI: Ukucha umekwama. Kuna ufa. Mfupi, lakini... unaelekea ndani.

FUNDI: Ni mimi. Ni mimi niliyesema robo. Nimezoea mabati ya redio, na hilo ni plastiki. Laiti mkono wangu ndio ungekuwa unakaza, ningejua pa kuachia.

MZAMIAJI: Tuache lawama. Gundi?

FUNDI: Gundi ya kuzuia maji inataka kulala hadi kesho ndipo ikauke.

MZAMIAJI: Sabuni ya kipande? Si ndiyo wanazibia matangi ya pikipiki?

FUNDI: Tangi liko nchi kavu. Wewe unashuka mita sita, maji yenyewe yanasukuma. Hapana, mdogo wangu. Hapa akili yangu imegota. Nimekaa na bisibisi ishirini mezani, hakuna hata moja ya kukusaidia.

MZAMIAJI: Basi nashuka hivyo hivyo. Kamera ikifa, ife. Kadi ya picha huwa inapona. Picha moja tu, ule mshono wa kushoto ukiwa mzima, waone kwamba kilichokatika ni chuma chao chenye kutu, si kazi ya Baba. Nimeshavaa miwani.

FUNDI: Subiri, Baba anakuja— Baba, taratibu, waya huo—

BABA: Binti yangu.

MZAMIAJI: Baba! Usiwe na wasiwasi. Dakika kumi zinanitosha.

BABA: Usishuke.

MZAMIAJI: Ufa ni mdogo, Baba, nita—

BABA: Mshono wa kushoto haupo.

MZAMIAJI: (mikwaruzo) Haupo vipi? Umeng'oka?

BABA: Haukuwahi kuwepo. Vijiti vya kuchomelea viliniishia jioni ile. Nikashikiza kwa nukta mbili tu za kuchomelea, juu na chini, nikasema kesho nitamalizia. Asubuhi nafika, nakuta wameshafungulia maji. Nikaangalia maji. Nikanyamaza.

FUNDI: Baba... miaka minne umelificha hili?

BABA: Kila mvua ikinyesha nilikuwa siwezi kulala. Nikikuona unahangaika na mitungi, nasema leo nitamwambia. Midomo inagoma. Uliniita fundi hodari mbele ya watu wote kwenye mkutano wa mtaa, mwanangu. Nilitaka ardhi inimeze.

MZAMIAJI: Na mlinzi? Yule mlinzi, Baba. Anajua?

BABA: Nimemtembelea hospitali mara tatu. Ananishukuru kwa machungwa.

MZAMIAJI: (mtungi unagonga ubao wa boti)

FUNDI: Mdogo wangu? Upo?

MZAMIAJI: Niko. Kaka, injinia amekuja ukingoni. Ananipungia mkono. Anasema kama sishuki niseme, wamwage.

FUNDI: Usiposhuka...

MZAMIAJI: Nisiposhuka, zege linafunika. Watabaki na ripoti yao, sisi tutabaki na maneno yetu, na hakuna atakayejua kweli. Nikishuka, ninaipiga picha hiyo kweli mwenyewe, namfunga Baba kwa mkono wangu. Baba, nimjibu nini?

FUNDI: Ameniachia simu.

MZAMIAJI: Mrudishie!

FUNDI: Ameshatoka. Naona mgongo wake barabarani. Hata kandambili hakuvaa. Baba! Baba, ngoja—

MZAMIAJI: Anakwenda wapi?

FUNDI: Sijui. Hospitali iko upande huo. Na kituo cha polisi pia.

MZAMIAJI: Mfuate basi!

FUNDI: Namfuata, lakini wewe... Mwendesha boti asikate, tafadhali mwambie—

MZAMIAJI: Simu inalia, salio linaisha. Kaka, wananiita tena. Wewe ndiye mkubwa. Niambie neno moja tu, nishuke au nisishuke?

FUNDI: Mimi... ningekuwa mimi—

(tuut)

MZAMIAJI: Haloo? Kaka? Haloo?