Mwalimu Godelieve Asende na Kiingereza cha Baraka

Marehemu Mwalimu Godelieve Asende alizaliwa Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, tarehe 14 Machi 1961, binti wa kwanza wa mvuvi Casimir na mkewe Fanny. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lweba, sekondari Baraka, na mwaka 1986 akapata diploma ya Kiingereza Bukavu. Watu walimcheka: Kiingereza cha nini, wakubwa wote wanaongea Kifaransa? Aliingia darasani tu. Alifundisha.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Fabien, fundi wa mitumbwi. Vita vya 1998 viliwavusha ziwa hadi Tanzania. Huko kambini alifundisha chini ya hema mpaka waliporudi Baraka mwaka 2007.

Wanafunzi hawasahau somo lake la sentensi. Mwanafunzi mmoja, Élie, alisimama akasema kwa Kiingereza, "Kwa sababu mvua ilinyesha," kisha akaketi. Mwalimu akamwuliza:

"Élie, we unatuacha mu mvua? Halafu?"

Darasa likaangua kicheko. Élie akainuka tena, akamalizia: "Hatukuenda shambani." Hapo wakaelewa kwamba kuna maneno yenye kitenzi chake ambayo bado hayawezi kusimama peke yake.

Agosti 2019 alikwenda hospitalini kumwona jirani, akamkuta mume mmoja, Roger, anamwinua kitandani mkewe Pulchérie, aliyetoka kujifungua na damu inamtoka.

"Mwalimu, muzungu anasema batamupasua! Mi narudia naye ku nyumba."

Mwalimu akamwomba daktari mgeni, aliyejua Kiingereza tu, arudie, akamsikiliza hadi mwisho.

"Hapana, baba. Anasema: kama damu haiishe, hapo njo batamupasua. Ile 'kama' musiitupe. Kwanza batamupa dawa. Ukimubeba, atakufia mu njia."

Roger akamlaza mkewe. Damu ilikoma kabla ya jioni, bila kisu, na wodi nzima ikapiga vigelegele. Pulchérie yuko nasi leo, pamoja na binti yake, Godelieve mdogo.

Kisukari kilimshika Mwalimu mwaka 2021, akaendelea kufundisha ameketi. Mwaka 2023 wanafunzi wake wote wa mwaka wa mwisho walifaulu mtihani wa serikali, wakamzungusha Baraka nzima kwa pikipiki wakiimba. "Polepole, batoto, mutaniua mbele ya sukari kuniua!" alipiga kelele, akicheka hadi machozi.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2024, Fabien amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wake Vanessa na Éliezer, wajukuu watano, na walimu sita wa Kiingereza aliowafundisha mwenyewe. Hao ndio watakaombeba leo, na wameomba kumbeba wakiimba. Bwana ampokee, apumzike salama.